Somo la Karakana: Kuchagua Kinga ya Chuma kwa Bunduki ya Zamani



Somo hili linatoka kwetu sisi wa mashamba ya chai ya magharibi ya Uganda. Huenda wengine mtauliza: chama cha wafanyakazi kina shughuli gani na bunduki? Sisi si jeshi wala si polisi. Jibu letu ni kwamba bunduki ya lindo ni chombo cha kazi, kama panga na kama mashine ya kukaushia majani. Yupo mfanyakazi anayeibeba usiku kucha, na yupo mfanyakazi anayeitengeneza karakanani. Inapoharibika, hao wawili ndio wanaoitwa ofisini kwanza.

Tuanze na jambo lililotokea. Miaka michache iliyopita, katika shamba moja la eneo letu, mlinzi wa stoo aliitwa kwa msimamizi. Bunduki aliyokabidhiwa ilikuwa ya zamani, ya mitutu miwili, ya kupiga marisau. Ilikuwa imetoka karakanani miezi minne tu, imetiwa weusi mpya unaong'aa kama kiatu cha arusi. Sasa kutu ilikuwa inachuruzika kutoka kwenye mshono ulio kati ya mitutu, na ukanda wa chuma wa juu ulikuwa umeanza kuachia. Msimamizi alisema mlinzi amezembea. Aliandikiwa barua ya onyo, na mshahara wake ukaanza kukatwa kila mwezi ili kulipa uharibifu.

Tulipokuwa bado tunaandika malalamiko yake, tukapata habari ya pili. Kijana msaidizi wa karakana alikuwa amelazwa hospitali. Dawa ya moto ya tangi lilelile lililotia weusi bunduki ile ilikuwa imemrukia usoni, na jicho moja limeungua.

Tulidhani tuna kesi mbili. Kumbe ilikuwa moja. Kosa lilianza siku ile mtu fulani alipochagua dawa ya kukinga chuma bila kuuliza chuma hicho kimeungwaje, wala nani atakayesimama mbele ya tangi. Sisi wa kamati ya tawi hatukusoma kemia. Ilibidi tumtafute mzee mmoja aliyekuwa fundi wa silaha jeshini, tukakaa naye, akatufundisha. Tuliyojifunza ndiyo haya.

1. KUTU NI NINI?

Chuma hupata kutu pale kinapokutana na vitu viwili kwa pamoja: maji na hewa. Chumvi huharakisha kazi hiyo. Jasho la mkono lina chumvi, ndiyo maana alama za vidole huonekana kwenye chuma kisichofutwa. Mlinzi wa shamba la chai anatembea katika umande na mvua, mkono wake una jasho, na asubuhi bunduki inafungiwa katika kabati lenye unyevu. Hayo yote ni chakula cha kutu.

Kinga ya chuma ni ngozi ya juu inayokizuia chuma kisikutane na maji na hewa. Lakini tukumbuke jambo moja ambalo wauzaji wa dawa hawalisemi kwa sauti: kinga nyingi za bunduki hazizuii kutu zenyewe. Kazi yao kubwa ni kushika mafuta, na mafuta ndiyo yanayofukuza maji. Basi bunduki yenye kinga nzuri isiyopata mafuta itapata kutu, na anayetakiwa kutoa mafuta hayo ni mwenye bunduki.

2. MASWALI MANNE KABLA YA KUCHAGUA

Mzee wetu alisema fundi anayekimbilia tangi kabla ya kuuliza maswali ni kama mpishi anayetia chumvi kabla ya kuonja. Maswali ni haya:

Kwanza, sheria inaruhusu? Silaha ni jambo la leseni. Uganda ina Sheria ya Silaha ya mwaka 1970, na nchi jirani nazo zina sheria zao. Bunduki isipelekwe kwa fundi yeyote tu wa gereji. Iende kwa mwenye kibali cha kazi hiyo. Namba ya bunduki isisuguliwe hata kidogo. Kabla ya kazi yoyote, bunduki ifunguliwe, ihakikishwe haina risasi, na mtu wa pili atazame kwa macho yake.

Pili, imeungwaje? Je, ni mtutu mmoja wa kipande kimoja, au ni mitutu miwili iliyoshikanishwa kwa lehemu laini ya bati na risasi? Je, ina vipande vya alumini? Je, mtutu ni wa chuma cha kale kilichosukwa kwa nyuzi za chuma zilizopigwa pamoja? Jibu la swali hili linaweza kuondoa nusu ya dawa zote mezani.

Tatu, inafanya kazi gani? Bunduki ya kutundikwa katika jumba la makumbusho haihitaji kinga sawa na bunduki ya kubebwa kwenye mvua.

Nne, nani atafanya kazi hiyo, na ana vifaa gani vya kujikinga? Waajiri wengi huliruka swali hili. Sisi tulikuta ndilo lililompeleka kijana hospitali.

3. AINA ZA KINGA

(a) Weusi wa polepole

Hii ndiyo njia ya mafundi wa zamani. Chuma husafishwa kabisa, hupakwa maji ya dawa kidogo, huachwa mahali penye unyevu mpaka kitoe kutu nyembamba nyekundu. Halafu huchemshwa katika maji safi. Katika maji yanayochemka ile kutu nyekundu hugeuka kuwa nyeusi, nayo hii nyeusi haili chuma kama ile nyekundu. Fundi husugua vumbi jepesi lililobaki kwa sufu laini ya chuma, kisha huanza tena. Hurudia mara tano, sita, hata kumi. Kazi huchukua siku kadhaa.

Faida yake: joto halipiti la maji yanayochemka, na maji yenyewe hayana magadi. Lehemu laini ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, kwa hiyo inabaki salama. Hata mitutu ile ya kusukwa inafaa kwa njia hii. Weusi wake ni wa kudumu, wala haung'ai kama kioo.

Hasara yake: ni ya polepole, na mwajiri hapendi kulipa siku. Tena dawa yake ina asidi, na mapishi mengine ya kale yana chumvi ya zebaki, ambayo ni sumu. Mapishi yenye zebaki tuyakatae. Yapo mengine yasiyo nayo.

(b) Weusi wa magadi moto

Hii ndiyo njia ya viwanda. Magadi makali, yale ya kutengenezea sabuni, huchanganywa na chumvi za naitreti katika maji, na mchanganyiko huchemka kwenye nyuzi 135 hadi 150. Chuma hutumbukizwa kwa nusu saa hivi, kikatoka cheusi kizuri. Bunduki nyingi hutiwa weusi kwa siku moja. Ndiyo maana njia hii inapendwa.

Weusi huu ni mwembamba sana, kiasi cha elfu moja au mbili ya milimita. Unywele mmoja wa kichwa una unene wa mara thelathini na zaidi. Kwa bunduki ya mtutu mmoja, inayofutwa na kutiwa mafuta, unafaa. Kwa bunduki ya mvua bila mafuta, haudumu.

Lakini ziko bunduki ambazo hazitakiwi kuingia humo kamwe. Magadi moto hula lehemu laini. Hula alumini. Huharibu mitutu ya kusukwa. Na katika bunduki ya mitutu miwili, magadi hujipenyeza chini ya ukanda, hukaa humo, na hata ukisuuza mara kumi hayatoki yote. Kisha huvuta unyevu na kula chuma kwa ndani, miezi baada ya miezi. Hapo ndipo tulipofahamu kilichotokea kwa mlinzi wetu. Kutu ile haikuanzia mikononi mwake wakati wa lindo. Ilitoka karakanani imekwisha fungiwa ndani ya bunduki.

Na hatari kwa fundi? Maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 100. Tangi hili lina nyuzi 140. Ukimwaga maji baridi ndani yake yanageuka mvuke palepale, na tangi linatapika magadi moto usoni mwako. Kijana wetu alitumwa na ndoo kuongeza maji kwa sababu tangi lilikuwa limepungua. Hakuna aliyemwambia kwamba maji huongezwa kidogo kidogo, kwa bomba au upawa wenye mpini mrefu, na mtu amesimama mbali, amevaa kinga ya uso. Alikuwa na shati la mikono mifupi na ndara.

(c) Fosfeti

Mwaka 1906 Mwingereza Thomas Watts Coslett alipata hati ya ugunduzi wa njia ya kukinga chuma kwa asidi ya fosfori. Mwaka 1915 kampuni ya Parker ilianzishwa Detroit, Marekani, ikaiendeleza, na mpaka leo mafundi wa silaha wa Marekani huiita kinga hii kwa jina la Parker. Katika Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani lilitia kinga hii katika bunduki zake nyingi, kama vile M1 Garand na bastola ya M1911A1. Waingereza nao, walipokuwa wakitengeneza upya bunduki zao za Lee-Enfield baada ya vita, walitumia fosfeti na juu yake rangi nyeusi ya kuokwa. Lee-Enfield za risasi ya .303 ndizo walizobeba askari wa KAR, na wazee wetu wengi wanazikumbuka.

Chuma hupigwa kwanza ili uso wake uwe na mkwaruzo laini, kisha hutumbukizwa katika maji yenye asidi ya fosfori na manganizi au zinki, kwenye joto la nyuzi 90 hadi 98, kwa robo saa au zaidi. Hutoka na ngozi ya kijivu au nyeusi isiyong'aa. Ngozi hii ni nene mara kadhaa kuliko weusi wa magadi, na ina vitundu vidogo sana vinavyonyonya mafuta kama sifongo. Hapo ndipo nguvu yake ilipo. Haimulikiki gizani, haichubuki upesi, na inashika mafuta hata baada ya kufutwa. Ile ya manganizi ndiyo ngumu zaidi, nayo ndiyo inayochaguliwa kwa bunduki.

Hasara yake: haipendezi kama weusi wa kung'aa, na kile kipigo cha kukwaruza uso hubadili sura ya bunduki ya thamani. Tena ni maji ya asidi, kwa hiyo bunduki ya mitutu miwili isitumbukizwe humo. Mvuke wake unakera koo, na vipovu vinavyotoka ni vya hewa ya haidrojeni, inayoshika moto. Karakana iwe wazi, na sigara ibaki nje.

(d) Nikeli na kromu

Nikeli ilipendwa sana katika bastola za mwisho wa karne ya 19. Inapendeza kama fedha, lakini ikishapata ufa, kutu hupita chini yake na kuimenya vipande vipande.

Kromu ngumu ni nyingine kabisa. Kwa kudumu, inashinda karibu zote tulizotaja. Mtutu wa Kalashnikov umetiwa kromu kwa ndani, na hiyo ni sababu mojawapo ya bunduki ile kuvumilia unyevu na uchafu. Mtu akiuliza tu ipi inadumu zaidi, jibu linaweza kuwa kromu.

Lakini sisi tunauliza pia inamfanya nini fundi. Maji ya kutilia kromu yana kromu ya aina ya sita. Ukungu wake hutoboa ukuta wa katikati ya pua, huleta vidonda visivyopona upesi mikononi, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu. Kazi hii ni ya kiwanda chenye mitambo ya kuvuta hewa na daktari wa kupima wafanyakazi. Tangi la kromu nyuma ya karakana ya shamba, chini ya bati, ni jambo la kukataliwa na chama siku ileile.

(e) Rangi ya kuokwa

Siku hizi zipo rangi zenye chembechembe za seramiki. Hupulizwa kwa bomba kama rangi ya gari, kisha chuma huokwa kwa joto la nyuzi 120 hivi kwa saa mbili. Zinazuia maji na chumvi vizuri sana, hata mafuta yakichelewa. Joto lake haliyeyushi lehemu. Lakini huficha kazi ya fundi wa kwanza, na mwenye bunduki ya kale ya thamani atajuta. Tena mpulizaji anahitaji barakoa ya chujio la dawa. Kitambaa cha mdomoni hakimsaidii. Na tanuri lisiwe lile linalookea mikate ya kantini. Tunacheka, lakini tunayajua mashamba yetu.

4. MAANDALIZI NI NUSU YA KAZI

Kinga yoyote itabanduka ikiwekwa juu ya mafuta au kutu. Kwa hiyo chuma husafishwa kwanza, na hapa kuna hatari ambayo haisikiki kama tangi la moto.

Mahali pengi chuma husafishwa kwa kupulizia mchanga kwa kompresa. Mchanga wa mtoni ni rahisi, hauna gharama. Lakini mchanga huo ukivunjika hutoa vumbi la silika lisiloonekana, na vumbi hilo likiingia mapafuni halitoki. Huleta silikosisi, ugonjwa wa kukosa pumzi usio na dawa ya kuuponya, na humfanya mtu ashikwe na kifua kikuu kwa urahisi. Uingereza ilikataza mchanga wa namna hiyo katika kazi ya kusafisha vyuma kwa kupuliza mwaka 1949. Basi mwaka huu wetu mfanyakazi wa shamba asiambiwe kwamba ni jambo geni. Zipo chembe za alumini oksaidi zinazofanya kazi ileile bila silika. Hata hizo zitumike ndani ya sanduku lililofungwa.

Jambo la pili: springi na vipande vyembamba visilowekwe katika asidi ili kuondoa kutu. Asidi hukifanya chuma kigumu kuwa chepesi kuvunjika, na springi ya bunduki ikivunjika wakati mbaya, anayeumia ni mlinzi.

5. UCHAGUZI WENYEWE

Baada ya hayo yote, mzee wetu alitupa mifano mitatu.

Bunduki ya mitutu miwili ya lindo: weusi wa polepole, na mafuta kila siku. Ikiwa mwajiri hataki kungoja siku hizo, rangi ya kuokwa. Magadi moto, hapana.

Bunduki ya jeshi ya mtutu mmoja, kama .303, inayofanya kazi kwenye mvua: fosfeti ya manganizi na mafuta. Ni kinga ya kazi, haina maringo, na matangi yake yanaweza kusimamiwa kwa usalama na karakana iliyopangwa vizuri.

Bunduki ya kale ambayo bado ina kinga yake ya kwanza, hata ikiwa imefifia: usiiguse. Ifutwe, itiwe mafuta, iwekwe pakavu. Kinga ya kwanza ikishasuguliwa hairudi, na thamani yake kwa wanaopenda vitu vya kale inaondoka nayo.

Na mlinzi naye ana sehemu yake. Kila mwisho wa zamu bunduki itolewe risasi, ifutwe kwa kitambaa kikavu, ipakwe mafuta ya bunduki kidogo. Mafuta ya kupikia yasitumike. Yanaganda na kushika vumbi. Isihifadhiwe ndani ya mfuko wa ngozi, maana ngozi huvuta unyevu. Lakini kitambaa na mafuta vitoke stoo ya mwajiri. Mlinzi wetu alikuwa akinunua mafuta ya kupikia kwa fedha yake, kwa sababu kwa mwaka mzima hakupewa mengine. Jambo hilo msimamizi hakuliandika katika barua ya onyo.

6. SHERIA INASEMA NINI?

Mkataba wa Shirika la Kazi la Kimataifa Namba 95 wa mwaka 1949, unaolinda mishahara, unasema makato yaruhusiwe tu kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, au na mapatano ya pamoja, au na uamuzi wa usuluhishi. Hasira ya msimamizi haimo katika orodha hiyo. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 nayo inataja makato yanayoruhusiwa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda, ya mwaka 2006 vilevile, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inahusu aliyeumia kazini. Na mwezi Juni 2022 Mkutano wa Kazi wa Kimataifa mjini Geneva uliamua kwamba mazingira salama na yenye afya kazini ni moja ya haki za msingi. Maana yake nchi wanachama zote zinapaswa kuiheshimu haki hiyo.

Haya tuliyaandika kwenye karatasi moja, tukaingia nayo kikaoni.

7. KESI ILIISHAJE?

Tuliomba kitabu cha kazi cha karakana. Kilionyesha wazi: bunduki ile ilitumbukizwa katika magadi moto siku moja na mapanga na vipuri vya mashine. Tuliomba bunduki ifunguliwe mbele ya pande zote mbili. Chini ya ukanda kulikuwa na unga mweupe wa magadi na kutu, na mlinzi asingeweza kuviweka huko hata kama angetaka. Barua ya onyo iliondolewa, na fedha zilizokatwa zikarudishwa.

Kesi ya kijana ilichukua muda mrefu zaidi. Alipata fidia, lakini jicho halikurudi. Daktari alituambia jambo ambalo tunawaomba mlikariri: magadi yakiingia jichoni, oshwa palepale kwa maji safi mengi yanayotiririka, dakika ishirini bila kuacha, ndipo mtu apelekwe hospitali. Usitie siki, usitie maziwa. Siku ile bomba la karibu lilikuwa mbali, nyuma ya stoo ya mbolea. Wenzake walipomfikisha, dakika zilikuwa zimepita.

Leo karakana ile ina bomba la maji hatua chache kutoka kazini, na kinga za uso zimetundikwa ukutani. Tangi la magadi lilifungwa. Bunduki za mitutu miwili hutiwa weusi wa polepole, na hakuna msimamizi aliyesema kwamba siku hizo ni nyingi mno. Tunaona uchungu kwamba mabadiliko hayo yote yaligharimu fedha kidogo kuliko fidia, na yangeweza kufanywa kabla.

Kinga bora ya chuma, basi, ni ile inayofaa chuma chenyewe na isiyomla anayeiweka.

MASWALI YA MAJADILIANO KATIKA TAWI

1. Katika karakana yenu, vyuma vinakingwa kwa dawa gani? Nani aliichagua, na je, mafundi waliulizwa?

2. Bomba la maji safi liko hatua ngapi kutoka mahali pa dawa kali? Nendeni mkahesabu kwa miguu.

3. Mchanga wa kusafishia chuma unatoka wapi? Anayepuliza ana kinga gani?

4. Mlinzi wenu akikabidhiwa bunduki, je, hali yake huandikwa na kutiwa sahihi na pande zote mbili? Kama sivyo, atajiteteaje kutu ikitokea?

5. Mapatano yenu ya pamoja yanasema nini juu ya makato kwa ajili ya vyombo vilivyoharibika?

6. Nani kati yenu anaweza kusoma kitabu cha kazi cha karakana? Kama hayupo, mchagueni mmoja mumfundishe kabla ya kikao kijacho.

Ndugu, majibu yenu yaleteni kwa katibu wa tawi. Yanayofaa kuwasaidia wenzetu wa nchi jirani tutayaandika.

Umoja ni nguvu.